CHUMVI, KUTU NA BASTOLA
Somo la kemia, fizikia na usalama kwa shule za sekondari

Chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa mvua huanza kulowa yenyewe, hata kama hakuna aliyeimwagia maji. Jambo hili linajulikana na kila mtu aliyekulia katika nyanda za juu za Kigoma. Nchi hii inaijua chumvi tangu zamani sana: kule Uvinza, kusini ya Kasulu, watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini ni wachache wanaojua kwamba tabia hiyohiyo ya chumvi ndiyo iliyowashinda mafundi wa silaha duniani kwa miaka mingi, na kwamba ndiyo inayoeleza kwa nini bastola iliyopakwa mafuta vizuri jioni inaweza kuonekana na kutu asubuhi.

Makala haya yanaeleza jinsi bastola ya nusu otomatiki, yaani ile inayojipakia yenyewe kila ifyatuliwapo, inavyoshikwa kwa usalama na kusafishwa bila kuharibiwa. Hayakusudii kumfundisha mwanafunzi kushika silaha. Nchini Tanzania silaha humilikiwa kwa leseni tu, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe kwanza na cheti kinachothibitisha kwamba anaweza kuitumia ipasavyo. Makusudi yetu ni mawili. Kwanza, kuonyesha kwamba kanuni za darasani, kama vile kani na mjibizo wake, uyeyukaji wa chumvi na uoksidishaji wa chuma, zinafanya kazi ndani ya mashine ndogo inayotoshea kiganjani. Pili, kuwaonya wasomaji wetu juu ya dhana moja potofu inayoweza kuua: dhana kwamba silaha yenye kutu ni silaha iliyokufa.

Onyo hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Kibondo na Kasulu. Wilaya hizi zinapakana na nchi ya Burundi, na mapori ya bonde la mto Malagarasi ni mapana. Vita vya Burundi vya mwaka 1972 na vile vilivyoanza mwaka 1993, pamoja na vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996, viliwaleta huku wakimbizi maelfu kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu ilianzishwa mwaka huo wa 1996. Walio wengi hawakuja na kitu ila watoto wao na mafurushi yao. Hata hivyo majambazi na wachuuzi wa silaha nao waliitumia mipaka hiyo. Tatizo hilo lilizikumba nchi nyingi za eneo letu, na ndiyo maana mwezi Machi mwaka 2000 wajumbe wa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika walikutana Nairobi na kutoa azimio la pamoja juu ya silaha ndogo ndogo haramu. Silaha iliyofukiwa shambani au kufichwa kichakani haiozi kama mti. Hukaa miaka mingi, na anayeikuta mara nyingi ni mkulima au mtoto.

JINSI BASTOLA INAVYOFANYA KAZI

Risasi moja kamili ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au la chuma, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani ya ganda, na kichwa ambacho ndicho kirukacho. Mtu akivuta kifyatulio, pini ndogo huigonga fataki. Fataki hulipuka na kuiwasha baruti. Baruti hugeuka gesi yenye joto kali, na shinikizo ndani ya chumba cha risasi laweza kuzidi mara 2,000 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Gesi hiyo hukisukuma kichwa cha risasi mbele kupitia kasiba, yaani mtutu, ambao kwa ndani una mifereji iliyojisokota ili kukizungusha kichwa kisipepesuke njiani.

Hapa ndipo kanuni ya tatu ya Newton inapoonekana. Gesi inayokisukuma kichwa mbele hulisukuma ganda nyuma kwa kani iliyo sawa. Katika bastola ya nusu otomatiki, sehemu ya juu ya bastola haikukazwa imara. Inaweza kuteleza kwenda nyuma na kurudi. Tuiite kitelezi. Kinaporudi nyuma, kitelezi hulitoa ganda tupu na kulitupa nje, na papo hapo huibana springi. Springi ikijinyoosha, kitelezi huenda mbele, huchukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyomo ndani ya mpini, na kuiingiza chumbani. Mmarekani John Browning, aliyeishi kati ya mwaka 1855 na 1926, ni mmoja wa wavumbuzi walioukamilisha mpangilio huu, na bastola nyingi za leo bado zinafuata mawazo yake.

Tufanye hesabu. Kichwa cha risasi ya milimita 9 kina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Zao la uzito na mwendo ni 0.008 × 350, yaani 2.8. Ikiwa kitelezi pamoja na kasiba vina uzito wa kilo 0.5, basi tukiliacha kando zao la gesi yenyewe, vitarudi nyuma kwa mwendo wa 2.8 ÷ 0.5, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kilometa 20 kwa saa, kama wa baiskeli inayoteremka mlima taratibu. Nishati ya kichwa ni ½ × 0.008 × 350², yaani jouli 490. Hiyo ni sawa na nishati ya debe la maji la kilo 20 linaloanguka kutoka urefu wa mita mbili na nusu, isipokuwa kwamba nishati yote hiyo imekusanywa kwenye ncha isiyozidi upana wa kidole. Kichwa hicho kisipozuiwa na kitu chaweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Kwa hiyo anayeelekeza bastola mahali ambapo "hapana mtu" hana budi kujua pia ni nani aliye nyuma ya ukuta wa matofali mabichi, na nyuma ya migomba.

KUTOA RISASI: MPANGILIO NDIO USALAMA

Kabla ya kusafisha, bastola lazima itolewe risasi. Watu wengi waliojeruhiwa wakati wa kusafisha silaha walidhani wamefanya hivyo. Kosa lao laweza kuelezwa kwa kuutazama mpangilio wa mashine.

Bastola iliyojaa ina risasi mahali pawili: kwenye magazini na ndani ya chumba. Mtu akitoa magazini peke yake, risasi iliyomo chumbani hubaki palepale. Katika bastola nyingi yaweza kufyatuka ingawa magazini imewekwa mezani. Na mtu akikivuta kitelezi kwanza kabla ya kutoa magazini, risasi ya chumbani hutoka, lakini kitelezi kikirudi mbele huingiza nyingine. Mtu huyo ameona risasi ikianguka kwa macho yake, na sasa ana hakika kamili ya jambo lisilo la kweli. Hakika ya namna hiyo ni mbaya kuliko shaka.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja tu, nao haugeuzwi:

1. Mdomo wa kasiba uelekezwe mahali salama muda wote, na kidole kikae nje ya kifyatulio.
2. Magazini itolewe kwanza.
3. Kitelezi kivutwe nyuma mpaka mwisho, risasi iliyomo chumbani itoke, kisha kitelezi kizuiwe kisirudi.
4. Chumba kitazamwe kwa macho, kisha kipapaswe kwa ncha ya kidole. Macho peke yake hudanganyika palipo na mwanga hafifu.
5. Risasi zote zipelekwe chumba kingine. Meza ya kusafishia isiwe na risasi hata moja.

Hatua ya nne hurudiwa kila bastola inapowekwa chini na kuchukuliwa tena, na kila inapopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tena kuna bastola ambazo haziwezi kufunguliwa vipande mpaka kifyatulio kivutwe kwanza. Kwa bastola hizo, mtu aliyeruka hatua moja hapo juu atafyatua risasi kwa kufuata maelekezo ya kufungulia.

KINACHOBAKI BAADA YA MLIO

Baada ya kufyatuliwa, kasiba hubaki na uchafu wa namna tatu: masizi ya baruti, chembe za metali ya risasi na za shaba zilizokwanguka kwenye kichwa, na mabaki ya fataki. Masizi huonekana, na chembe za metali huonekana kwa kutazama sana. Mabaki ya fataki hayaonekani kabisa, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kwa chuma.

Kwa muda mrefu fataki nyingi zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye kloreti ya potasiamu. Wanafunzi wanaifahamu kampaundi hii kwa kuwa hutumiwa maabara kutolea oksijeni. Ikipata joto huvunjika hivi:

2KClO₃ → 2KCl + 3O₂

Oksijeni husaidia kuwasha, kisha hutoweka. Kloridi ya potasiamu hubaki. Nayo ni chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Mlipuko huitawanya ndani ya kasiba kama vumbi laini lisiloonekana kwa macho.

FUMBO LA MAFUTA

Wanajeshi na wawindaji wa mwanzo wa karne ya ishirini walikutana na fumbo. Walisafisha silaha zao kwa bidii, wakapaka mafuta, na baada ya siku chache wakakuta kutu chini ya mafuta yaleyale. Wengi waliamini kwamba baruti mpya isiyo na moshi huacha asidi, na kwa hiyo wakatumia dawa za kuua asidi. Kutu iliendelea.

Mwaka 1922 Idara ya Migodi ya Marekani ilitoa ripoti ya mtafiti Wilbert Huff kuhusu kutu inayotokea chini ya utando wa mafuta. Huff alionyesha kwamba kisababishi si asidi ya baruti bali ni chumvi itokayo kwenye fataki, na kwamba chumvi hiyo haidhuru chuma mpaka hewa iwe na unyevu wa kutosha. Dawa yake ilikuwa ya kushangaza: kuosha kasiba kwa maji, kile kile kitu ambacho kila mwenye silaha alikuwa akikiogopa.

Hebu tufikiri kwa nini. Kloridi ya potasiamu imejengwa kwa ioni zenye chaji, chanya na hasi. Molekuli za maji nazo zina upande ulioelekea chanya na upande ulioelekea hasi, kwa hiyo huzizunguka ioni na kuzitenganisha, chumvi ikayeyuka. Molekuli za mafuta hazina pande za namna hiyo. Mafuta hupita juu ya chumvi na kuifunika tu. Mwenye bastola anaona chuma kinang'aa, akaridhika. Lakini chumvi imekaa chini ya mafuta, ikisubiri. Utando wa mafuta ni mwembamba, na mvuke wa maji hupenya polepole.

Kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu wa hewa ambapo huanza kuvuta maji hadi kuyeyuka. Kwa chumvi ya mezani iliyo safi ni asilimia 75 hivi. Kwa kloridi ya potasiamu ni asilimia 85 hivi. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Mei, hewa ya usiku na ya alfajiri huvipita viwango hivyo mara nyingi. Silaha yenye chumvi iliyoonekana salama mwezi Agosti, wakati wa ukavu, yaweza kuota kutu Novemba bila ya kufyatuliwa tena.

KUTU HUTOKEAJE

Tone la maji ya chumvi juu ya chuma hufanya kazi kama betri ndogo. Mahali pamoja chuma hutoa elektroni na kuingia majini:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Mahali pengine, karibu na ukingo wa tone ambako hewa inafika kwa urahisi, oksijeni huzipokea elektroni hizo:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Mazao ya pande mbili hukutana, huoksidishwa zaidi, na kuwa kutu nyekundu. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na ioni za kloridi huuvunja utando mwembamba wa oksidi ambao ungekilinda chuma. Ndiyo maana kutu ya chumvi haisambai juu juu tu, bali huchimba vishimo. Kishimo ndani ya chumba cha risasi hulishika ganda lisitoke, nacho hakiwezi kurudishiwa chuma kilichokwisha kuliwa.

KUSAFISHA KWA UTARATIBU

Siku hizi viwanda vingi hutumia fataki zisizoacha chumvi. Lakini risasi za zamani zenye fataki za kloreti, zilizotengenezwa kwa wingi katika nchi za Ulaya ya Mashariki na Asia, bado zimo duniani, na mtu hawezi kuzitambua kwa kuzitazama. Asiyejua asili ya risasi alizotumia na azihesabu kuwa zina chumvi. Kazi ya kusafisha ina sehemu tatu, nazo hufuatana hivi: maji, ukavu, mafuta.

Baada ya bastola kutolewa risasi na kufunguliwa kwa kufuata kitabu cha kiwanda, bila kulazimisha kipande chochote, kasiba huoshwa kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo. Maji ya mvua yafaa sana kwa kuwa hayana chumvi zake yenyewe. Moto una faida mbili: gramu 100 za maji huyeyusha gramu 34 za kloridi ya potasiamu katika nyuzi 20 za Selsiasi, lakini huyeyusha gramu 56 katika nyuzi 100, tena chuma kilichopata joto hukauka upesi. Sehemu nyingine zilizoguswa na gesi, kama vile uso wa kitelezi unaokutana na ganda, hupanguswa kwa kitambaa chenye maji hayo.

Kisha hufuata ukavu. Vitambaa safi hupitishwa ndani ya kasiba kwa mdeki mpaka kitambaa kitoke kikavu. Wazee wenye magobori wanalijua neno mdeki kwa kuwa ndio waliotumia kushindilia baruti. Hapa kazi yake ni kubeba kitambaa na brashi. Mdeki uingie kwa upande wa chumba, utokee mdomoni, kwa sababu mikwaruzo kwenye ukingo wa mdomo wa kasiba huharibu shabaha. Masizi na metali huondolewa kwa dawa ya kusafishia na brashi ya shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo brashi ndiyo itakayolika, si kasiba.

Mwisho ni mafuta. Mafuta mepesi ya mashine hupakwa kidogo sana, kama utando tu, hasa mahali panaposuguana. Kazi yake sasa ni kuzuia unyevu usikifikie chuma kisicho na chumvi, nayo kazi hiyo anaiweza. Kabla ya kufunga, mtu atazame ndani ya kasiba dhidi ya mwanga, kutoka upande wa chumba, ahakikishe kwamba hakuna kitambaa kilichobaki.

YAHARIBUYO BASTOLA

Mafuta ya mawese. Kigoma ni nchi ya michikichi, na mawese hayako mbali na mkono. Lakini mawese huwa na asidi huru za mafuta zinazoshambulia metali, hasa shaba. Katika baridi ya usiku wa Kasulu huganda, na yakikaa hewani huvuta oksijeni na kuwa kama gundi. Pini iliyokwama katika gundi haitabiriki.

Petroli. Mvuke wake huwaka hata katika baridi kali, tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Haifai kusafishia kitu chochote ndani ya nyumba.

Mafuta kupita kiasi. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la barabarani hushikwa na mafuta na kuwa uji unaosaga chuma kwa kila mwendo wa kitelezi. Tena mafuta yakichuruzika hadi kwenye risasi huweza kuiharibu fataki.

Mchanga, majivu na msasa. Hivi huondoa kutu pamoja na chuma chenyewe na ile rangi nyeusi inayokilinda.

Kizibo ndani ya kasiba. Kitambaa, tope, au kipande cha mdeki kilichosahauliwa humzuia mwenzake wa nyuma. Kichwa cha risasi kikikutana nacho, shinikizo huongezeka ghafula, na kasiba yaweza kuvimba au kupasuka mikononi mwa mtu.

Ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu na chumvi zilizotumiwa kuitengenezea. Bastola ibebwe humo, isihifadhiwe humo. Ihifadhiwe pakavu, ndani ya kasha lenye kufuli, na risasi mbali nayo. Silaha iliyotoka kwenye baridi ya nje na kuingizwa chumba chenye joto hushika umande, ipanguswe kwanza.

Na afya ya mtu. Masizi ya fataki na ya kichwa yana metali ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo, zaidi kwa watoto wadogo. Kazi hii hufanywa penye hewa ya kutosha, bila kula wala kuvuta sigara, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

SILAHA YENYE KUTU HAIJAFA

Sasa tunaweza kurudi kwenye ile dhana potofu. Tumeona kwamba kutu hushambulia kwanza mahali penye unyevu na chumvi: uso, chumba, springi, kitufe cha usalama. Risasi iliyomo chumbani imefungwa vizuri ndani ya ganda. Baruti yake na fataki yake zaweza kubaki hai kwa makumi ya miaka. Hivyo miaka inavyopita, kinachokufa kwanza ni vile vizuizi vilivyowekwa kumlinda mtu. Kitufe cha usalama hukwama. Nyundo iliyovutwa hubaki imeshikiliwa na ukingo mwembamba uliokwisha kuliwa. Risasi haitoki hata kitelezi kikivutwa. Kuigonga silaha hiyo kwa jembe, kuitikisa, au kujaribu kuifungua ili kuona kama ni nzima, ni kuiomba ifyatuke.

Kwa hiyo mwanafunzi au mwalimu akikuta silaha shambani, mtoni au kichakani, afanye haya. Asiiguse wala kuisogeza. Aweke alama kwa mbali, kama vile tawi la mti, ili apatambue mahali. Awaondoe watoto. Aende kwa polisi, au kwa uongozi wa kijiji ili nao wawaite polisi. Asiibebe kuipeleka kituoni yeye mwenyewe. Na asihofu kwamba kutoa habari ni kujiingiza katika kesi: aliyeiacha palepale na kusema ametenda kama raia mwema.

MAJARIBIO YA DARASANI

Majaribio haya hayahitaji silaha wala sehemu yoyote ya silaha, na mwalimu asikubali vitu hivyo viletwe shuleni.

1. Chukua misumari minne mipya, uisugue ing'ae. Wa kwanza uchovye katika maji ya chumvi, ukaushe, kisha upake mafuta ya mashine. Wa pili uchovye katika maji ya chumvi, uoshe kwa maji ya moto, ukaushe, kisha upake mafuta. Wa tatu upake mafuta tu. Wa nne usiupake kitu. Itundike yote ndani ya chupa yenye maji kidogo chini, bila misumari kugusa maji, uifunike. Itazame kila siku kwa wiki mbili na uandike unachokiona.

2. Tia kijiko kimoja cha chumvi katika glasi ya maji na kingine katika glasi ya mafuta. Koroga kwa dakika tano. Eleza tofauti kwa kutumia maneno ioni na molekuli.

MASWALI

1. Fataki moja ina miligramu 12.25 za kloreti ya potasiamu. Zikivunjika zote, zitabaki miligramu ngapi za kloridi ya potasiamu? Baada ya risasi kumi je? (K = 39, Cl = 35.5, O = 16.)

2. Mtu ametoa magazini, kisha akavuta kifyatulio ili "kuhakikisha". Eleza kosa lake kwa kutaja mahali pawili panapokaa risasi.

3. Kwa nini kitelezi hurudi nyuma kwa mwendo mdogo kuliko ule wa kichwa cha risasi, ingawa kani zao ni sawa?

4. Jirani anasema: "Bastola hii imekaa mtoni miaka ishirini, ni chuma chakavu tu." Mjibu kwa sentensi tatu, ukitumia yale uliyojifunza juu ya kutu na juu ya ganda la risasi.

Jibu la swali la kwanza: miligramu 7.45 kwa fataki moja, na miligramu 74.5 kwa kumi. Hiyo ni chumvi isiyotosha hata kukolezea yai moja, lakini yatosha kuiharibu kasiba kwa msimu mmoja wa mvua.